Uzalishaji wa Kupita Kiasi: Kiasi cha Nani?

Wanafunzi wengi tunapoeleza mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929 huandika kwamba ulitokana na "uzalishaji wa ziada." Mimi naona neno ziada halifai hapo. Ziada ni kile kinachobaki baada ya watu kutosheka. Maharagwe ya ziada huwekwa ghalani, hutengwa mbegu, humfaa hata jirani, wala sijamsikia mkulima akiyalilia. Neno linalotakiwa ni "uzalishaji wa kupita kiasi," ingawa nalo lina swali lake: kiasi kilichopitwa ni kipi, na nani alikipima?

Historia ya kahawa inalijibu. Mwaka 1906, katika mji wa Taubaté, majimbo matatu ya Brazili, yaani São Paulo, Minas Gerais na Rio de Janeiro, yalikubaliana kununua kahawa na kuifungia maghalani ili bei isianguke. Bei ilipopanda, watu wakavutiwa kupanda mibuni mingine. Baada ya 1929 bei ziliporomoka, na kati ya 1931 na 1944 serikali ya Brazili iliteketeza magunia yapatayo milioni 78, kila gunia kilo 60. Si kwamba walimwengu walikuwa wamekunywa kahawa wakakinai. Wengi hawakuwa na kazi wala fedha ya kuinunua. Kiasi kilichopitwa kilikuwa cha bei, si cha haja.

Nimelichagua zao hili kwa kuwa mimi ni Mnyarwanda. Katika miaka ileile ya 1930, Brazili ikichoma kahawa yake, Wabelgiji walikuwa wakiwalazimisha wakulima wa Ruanda-Urundi kupanda mibuni. Babu zetu hawakuulizwa kama dunia ilikuwa na kahawa ya kutosha! Hata baada ya uhuru, kung'oa mbuni kuliendelea kukatazwa na sheria.

Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962 uliipa kila nchi mgawo wake wa kuuza nje, na kwa miaka mingi mgawo huo ulisaidia kuishikilia bei. Julai 1989 migawo ilisimamishwa, na bei ikashuka kwa karibu nusu katika muda mfupi. Hapa ndipo neno letu linapopotosha. Tukiandika "uzalishaji" pekee, mtendaji hajulikani, tukilitumia kama kitenzi, lazima tumtaje, na mara nyingi tunayemtaja ni mkulima: "wakulima walizalisha kupita kiasi." Lakini mkulima wa Rwanda alikuwa na mibuni yake ya mwaka uliotangulia, kwenye kipande kilekile cha ardhi. Kilichobadilika ni makubaliano yaliyofanywa mbali naye.

Kahawa ikikosa bei haipikwi ikalisha watoto. Kwa hiyo baadhi ya wakulima waliing'oa, sheria ikiwa bado inakataza, wakapanda mazao ya chakula mahali pake.