Fahamu: Ukaguzi wa nyumba za kupanga zenye ruzuku Marekani

Katika mpango uitwao Section 8, serikali ya Marekani humsaidia mpangaji mwenye kipato kidogo kulipa kodi ya nyumba ya mtu binafsi. Kwa kawaida, kabla malipo hayajaanza, mkaguzi hupima usalama wake: nyaya za umeme, maji, choo, ngazi na king'ora cha moshi. Baadaye hurudi kila baada ya muda, na mpangaji akiona hatari anaweza kumwita mapema.

Hitilafu ya kuhatarisha maisha, kama gesi kuvuja, hurekebishwa ndani ya saa 24. Nyingine ndani ya siku 30. Mwenye nyumba akikaidi, hukatiwa ruzuku, wala haruhusiwi kumdai mpangaji fedha hizo. Akizidi kukaidi, mpangaji ndiye hulazimika kuhama ili asipoteze msaada.