Kipara cha Shemeji

Mwezi uliopita nilikwenda Magu kumwona shemeji yangu. Nilimkuta barazani amevaa kandambili, kwani viatu vilikuwa havimwingii tena. Miguu ilivimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Majirani walikwishatoa hukumu yao: karogwa. Zahanati waliuliza kama anatumia dawa yoyote, akajibu hapana. Vidonge vya kuotesha nywele alivyoletewa na rafiki yake hakuvihesabu. Kwake yeye huo ulikuwa urembo.

Niliomba kikopo, nikasoma: minoksidili, miligramu 10. Alikuwa akimeza kimoja asubuhi na kimoja usiku.

Dawa hiyo haikutafutwa kwa ajili ya vipara. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Upjohn ya Kalamazoo, Marekani, ilikuwa ikisaka tiba ya vidonda vya tumbo. Badala yake utafiti huo ukazaa dawa ya kutanua mishipa ya damu. Mwaka 1979 vidonge viliruhusiwa huko kwa wenye shinikizo kali la damu lisilosikia dawa nyingine, miligramu 10 hadi 40 kwa siku, tena kwa onyo kali. Mishipa ikitanuka, figo hudhani damu imepungua, nazo hubana chumvi na maji. Maji hushukia miguuni, na mara nyingine huuzunguka moyo. Kwa hiyo madaktari walitakiwa kuitoa pamoja na dawa ya kukojoza.

Wagonjwa hao hao wakaota malaika usoni na mikononi, hata wanawake. Hapo biashara ikafumbua macho. Mwaka 1988 ikaruhusiwa dawa ya kupaka kichwani, Rogaine. (Kampuni ilitaka iitwe Regaine, wakaguzi wakakataa, eti jina linaahidi mno. Laiti wangepita kwenye saluni zetu!) Ya kupaka huingia kidogo sana katika damu, na uvimbe wake ni nadra. Lakini miaka ya karibuni baadhi ya madaktari wa ngozi wamevirudia vidonge, kwa kawaida miligramu 5 au chini, na hata hapo wapo wanaovimba miguu.

Shemeji alimeza 20, bila daktari, bila dawa ya kukojoza.

Tulikipeleka kikopo kwa daktari siku ile ile. Njiani hakuniuliza habari ya moyo wala figo. Aliuliza kama akiacha, nywele zilizoota zitabaki. Nikamwambia kweli: baada ya miezi michache zitapukutika.