Mgeni Kwenye Kigoda

Ukiwa Milepa, katika bonde la Ziwa Rukwa, uwanda wa Ufipa huonekana kama ukuta upande wa magharibi. Huko juu ndiko Milansi. Masimulizi ya Wafipa yanasema mtawala wake alikuwa hayupo walipofika wanawake watatu wageni, Watwa. Wakapewa kigoda chake wakikalie. Aliporudi, utawala ulikwisha kuhama. Watwa wakatawala nchi. Yeye akabaki na Milansi na heshima yake ya jadi.

Kisa hiki hunijia kila ninaposoma kuhusu loadlin.

Linus Torvalds alitoa Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki. Kompyuta nyingi za 386 za wakati ule zilikuwa na mwenyeji tayari: DOS. Njia ya kawaida ya kuingiza Linux ilikuwa kuigawa diski upya na kubadili maandishi ya mwanzo wake, yale yanayosomwa mashine inapowaka. Ukikosea, faili zinapotea. Na mara nyingi mashine haikuwa yako. Ilikuwa ya ofisi, ya chuo au ya mjomba. Katika nchi kama Tanzania, ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, nani angekuruhusu kufuta mashine inayotegemewa na watu kumi?

Hans Lermen alipata jibu la upole. Unawasha DOS kama kawaida, unaandika amri moja. Loadlin inasoma kerneli, yaani kiini cha Linux, kutoka kwenye diski ya DOS, inaipakia kwenye kumbukumbu, kisha inaikabidhi prosesa. DOS iliyompokea mgeni haina tena mamlaka, na hakuna amri ya kuirudisha. Lakini diskini haijaguswa. Zima, washa: mwenyeji yupo palepale.

Jacques Gélinas akaleta UMSDOS, iliyoiwezesha Linux nzima kuishi ndani ya folda ya DOS. DOS ilijua majina ya herufi nane, nukta, na tatu za mwisho. Haikujua faili ni la nani. UMSDOS ikaandika majina marefu, wamiliki na ruhusa katika faili la pembeni lililoitwa --linux-.---.

Historia ya programu huria hupenda kusimuliwa kama vita. Mimi naona ugeni. Hata Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikiingiza Kiswahili ofisini bila kumlazimisha mtu kuiacha Windows. Aliyeogopa kupoteza kazi zake alipata nafasi ya kujaribu kwanza, na kwa wasio na mashine ya pili, nafasi hiyo ndiyo elimu yenyewe.

Tangu 2005 Linux nayo ina kexec, njia ya kupakia kerneli nyingine na kuiachia mashine. Mgeni wa jana amekuwa mwenyeji, na kigoda bado kinatolewa.