Bastola ya Kiitalia yenye kisu ubavuni

Juzi mpwa wangu alinitumia picha ya silaha ya kale kutoka Italia. Kitako kimetiwa njumu ya fedha, chuma kimechongwa maua, na ubavuni mwa mtutu mna kisu kilichokunjwa. Akaniuliza, "Mjomba, hii ni bastola au ni kisu?" Nikamjibu kuwa ni vyote viwili. Jibu refu zaidi ndilo hili.

Bastola za zamani zilikuwa magobori madogo. Mtu alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka baruti nyingine kidogo kwenye kisahani cha nje. Kazi yote hiyo ilikuwa ya mlio mmoja tu. Akikosa shabaha, au baruti ikiwa imeshika unyevu, alibaki na chuma kisicho na kazi huku adui yuko mbele yake. Ndipo mafundi wa Ulaya, Waitalia wakiwemo, wakaunganisha moto na makali.

Namna zake ni nyingi. Kuna upanga kamili wenye mtutu mfupi ubavuni. Kuna bastola ambayo kisu chake hukunjwa kando au chini ya mtutu na kuzuiwa na kilimi cha chuma. Kilimi kikibonyezwa, kamani hukifyatua kisu mbele. Waitalia walikuwa pia na fimbo iitwayo brandistocco, isiyo na mtutu lakini ya ukoo huo huo: ndani ina uwazi, na ikitikiswa kwa nguvu upanga mwembamba huchomoza. Mwaka 1544 fundi mmoja wa Ravenna, Giovanni Battista, alimwandikia Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza akimuuzia ngao zenye bunduki ndani yake.

Kitovu cha kazi ya bunduki Italia kilikuwa Brescia na bonde la karibu la Val Trompia, ambako chuma kilichimbwa. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Venice tangu 1426 hadi 1797. Mwaka 1526 Bartolomeo Beretta wa Gardone aliiuzia Venice mitutu 185, na kampuni yenye jina hilo ipo hadi leo. Kazi iligawanywa: huyu hufua mtutu, yule hutengeneza mtambo wa kuwashia, mwingine huchonga mbao. Mapambo yao ya chuma kilichotobolewa mfano wa kitambaa cha lasi yalisifika mbali. Jina la Lazarino Cominazzo lilisifika mno hata mafundi wengine wakaliiga, kwa hiyo jina lililochorwa kwenye mtutu peke yake si ushahidi.

Na sisi tunaosema "bunduki" tuna la kujifunza hapo. Kwa Kiarabu bunduki ni bunduqiyya, na mji wa Venice nao ni al-Bunduqiyya. Wako wanaosema silaha ilipewa jina la mji. Wengine husema asili yake ni bunduq, yaani kokwa, na pia vidonge vilivyorushwa kwa upinde.

Lakini silaha hizi zilikuwa na upande wa giza. Bunduki ya fatila ilihitaji utambi unaowaka. Moshi na harufu vilimfichua mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 16 ukaja mtambo wa gurudumu, ambapo gurudumu dogo lililokazwa kwa kamani husugua jiwe na kutoa cheche. Baadaye likaja gumegume. Sasa bastola iliyoshindiliwa tayari iliweza kukaa chini ya joho bila mtu kujua. Watawala waliingiwa na hofu, na mwaka 1517 Maximilian wa Kwanza, aliyetawala dola ya Ujerumani, alizipiga marufuku bunduki za gurudumu. Wazee wetu wangesema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa nguoni mwa mwenzako.

Hapo ndipo naona tofauti na jambia. Mwomani hulivaa mbele, kiunoni, na kila anayemsalimu huliona. Makali yamo alani, lakini silaha yenyewe haijifichi. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu mwenzake. Tazama vizuri: huyo anaifunika ncha ili mtu asiumie. Aliyeagiza kisu kijifiche ubavuni mwa bastola alikifunika ili mtu aumie.

Mpwa wangu alitaka kujua kama ni vyema kuwa na kitu kama hicho nyumbani. Nilimwambia njumu haiondoi sumu. Baruti ya kale ikikaa kavu bado yaweza kushika moto, na kamani iliyolala miaka mingi yaweza kufyatuka ikiguswa. Ukikuta gobori katika sanduku la marehemu, lihesabu kuwa limeshindiliwa. Usichungulie mtutu, usivute kifyatulio, na watoto wakae mbali. Waite polisi waje walitazame hapo hapo lilipo.

Uzuri wa kazi ya Brescia tuutazame makumbusho, nyuma ya kioo. Nyumbani, silaha iliyofichwa haina mgeni wala mwenyeji.