Soko Letu la Kariakoo: Historia Fupi

Masoko mengine hupewa majina ya magavana na watawala. La kwetu lilipata jina kwa wapagazi, na hiyo ni fahari yetu ya kwanza.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikwisha kuinua jengo kubwa mahali hapa kwa sherehe za kumtukuza mfalme wao. Vita vikawakatiza. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Dar es Salaam, na hapa wakaweka kambi ya Carrier Corps, kikosi cha Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi vichwani. Wengi wao hawakurudi makwao. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao likawa Kariakoo, na katika miaka ya 1920 jengo likawa soko.

Kulizunguka, watu walijenga nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele. Baraza ndiyo ilikuwa duka la kwanza. Asubuhi vitumbua, jioni mafuta ya taa ya kupima. Mkoloni aliutenga mtaa huu kwa Waafrika akidhani amewaweka pembeni, kumbe amewapa mahali pa kujitegemea. Mwenye baraza hakuwa na bwana.

Hatuwezi kulitaja soko hili bila kumtaja mlezi wake, marehemu Abdulwahid Sykes, mkuu wa soko katika miaka ya 1950. Mchana alisimamia ushuru na mizani, na papo hapo alikuwa katika safu ya mbele ya harakati za uhuru. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa New Street, Lumumba ya leo, hatua chache kutoka kwenye meza za nyanya. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, nyumba ya Abdulwahid ilimpokea, hapa hapa Kariakoo. Wazee hawakuchoka kutusimulia hayo, nasi hatuchoki kuyarudia.

Uhuru ulipokuja, soko lilistahili jengo lake. Kazi akapewa Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo Afrika Mashariki. Alisimamisha miavuli mikubwa ya zege, kama miti ambayo wachuuzi wetu wamekaa vivulini mwake tangu zamani. Hewa ikapita, mwanga ukaingia, na chini akatuchimbia soko la shimoni kwa biashara ya jumla. Mwaka 1974 Bunge liliunda Shirika la Masoko ya Kariakoo, na mwaka 1975 Mwalimu alilifungua soko jipya. Tulishukuru, na bado tunashukuru.

Miaka iliyofuata ina mengi. Biashara huria ilileta wageni kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Nyumba za Kiswahili zikapisha maghorofa, baraza zikageuka fremu za maduka, na fremu zikapanda kilemba, yaani malipo ya kupewa pango. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalifika. Julai 2021 soko lilipata mtihani wa moto. Serikali ikalikarabati na kuongeza jengo jipya pembeni. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka, Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka mtaani, tukazika wenzetu. Mungu awarehemu.

Katika yote hayo, Kariakoo imebaki Kariakoo kwa jambo moja: mtu mwenye mtaji wa tenga moja la nyanya bado alipata pa kuliweka. Mama lishe, kuli na machinga wote wamo katika historia hii, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo tunawaomba wanaogawa vizimba na wanaochora maghorofa: wakumbukeni wenye meza ndogo kwanza. Nanyi vijana, wakalisheni wazee wa soko mwandike wanayoyajua, wangali hai. Soko hili lina jina la waliobeba mizigo; lisije likawafungia mlango wanaoibeba leo.