Kutoka "Kuliko" hadi "Isiyozidi": Alama za Kutolingana na Gunia la Mgeta

Alama ya usawa (=) ilichapishwa kwa mara ya kwanza na Robert Recorde mwaka 1557. Alama < na > zilifuata mwaka 1631 katika kitabu cha Thomas Harriot, kilichotolewa miaka kumi baada ya kifo chake. Alama yenye maana ya "ndogo kuliko au sawa na" ilisubiri zaidi ya karne moja, hadi Pierre Bouguer alipoitumia mwaka 1734 kwa kuongeza mistari chini ya ile ya Harriot. Mfuatano huu wa kihistoria ndio unaofuatwa pia darasani nchini Tanzania. Mwanafunzi wa shule ya msingi hukutana na =, < na > kwa Kiswahili; ≤ na ≥ humfikia sekondari, ambako somo hufundishwa kwa Kiingereza.

Hoja ya insha hii ni kwamba pengo hilo limo katika mtaala, wala halimo katika lugha. Neno "kuliko" hutenganisha kabisa: 100 si ndogo kuliko 100. Kitenzi "kuzidi" kikikanushwa hufanya kazi tofauti. Gunia lisilozidi kilo 100 laweza kuwa na kilo 99, na laweza kuwa na kilo 100 kamili. Hapahitajiki kuongeza "au sawa na", kwani ukanushi wenyewe umekwisha kuibeba maana hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa "isiyopungua" na alama ≥. Kile ambacho Bouguer alikiongezea mistari, msemaji wa Kiswahili hukieleza kwa kiambishi -si-.

Mfano wa gunia unatokana na mazingira ya utafiti. Mgeta, katika miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, hulimwa viazi na mboga zinazopelekwa Morogoro mjini na Dar es Salaam. Tatizo la lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa na kurefushwa kwa kamba juu ya mdomo wake, linafahamika kwa kila mkulima wa viazi. Bei hutajwa kwa gunia. Kinachojazwa juu ya mdomo hakihesabiwi. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, zinataka uzito wa kifungashio cha mazao usizidi kilo 100. Kwa alama, u ≤ 100. Mtu akiitafsiri kanuni hiyo kwa "chini ya kilo 100", kama vitabu vingi vinavyozoeza kusoma alama <, gunia la kilo 100 kamili lingekuwa kosa, ilhali ni halali.

Inaweza kupingwa kwamba ukanushi humtatiza mtoto, kwa kuwa humlazimu kwanza kufikiria kuzidi, kisha kukukataa. Pingamizi hili lina uzito pale zoezi linapokuwa na namba tupu. Hata hivyo, mtoto wa Mgeta aliyekwisha kusikia wakubwa wakibishana juu ya lumbesa anakujua kuzidi kabla ya kuijua alama yoyote, na anajua pia ni nani anayebeba hasara yake.