Konokono Mgeni na Konokono Mwenyeji: Kisa cha Ziwa Nyasa



Leo tunawaletea historia kutoka Kyela, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kule unakotoka mchele wa kunukia mnaoufahamu. Ni historia ya konokono. Msicheke! Mkifika mwisho mtaona inamhusu bi harusi pengine kuliko hina na udi.

Wanaofuga samaki wa baharini kwenye vioo wanalijua jambo hili. Unanunua jiwe au mmea wa kupamba tangi, na baada ya wiki mbili unaona konokono ambaye hukumnunua. Amedandia. Je, ni wa kufuga au wa kutupa? Huwezi kujibu kabla hujamtambua. Basi ziwa letu nalo lilipata mdandiaji wa namna hiyo, na ilichukua miaka mingi kumtambua.

Tuanze na aliyeokota wa kwanza kupewa majina ya kitaalamu. Mwaka 1859 David Livingstone na daktari wake, John Kirk, walifika Ziwa Nyasa, wakarudi tena 1861. Kirk alikusanya mimea na makombe ya konokono. Mwaka 1865 Mjerumani Heinrich Dohrn alitoa orodha ya makombe hayo jijini London. Wazanzibari mnamjua Kirk kwa habari nyingine: ndiye aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, na alikuwapo wakati Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Safari zile hazikufika huku kwetu. Meli ya kwanza ya mvuke kulizunguka ziwa zima ilikuwa Ilala, mwaka 1875. Miaka miwili baadaye, Edgar Smith alitoa orodha nyingine ya konokono wa Nyasa, na ndani yake mlikuwa na mdogo mmoja wa mchangani ambaye leo anaitwa Bulinus nyassanus. Huyo mkumbukeni, tutamrudia.

Sasa mdandiaji wetu. Jina lake ni Melanoides tuberculata. Kombe lake ni refu lenye ncha, limejipinda kama skrubu, na mchana hupenda kujifukia mchangani. Afrika ana ndugu zake wenyeji, hivyo kwa miaka mingi aliyemwona ziwani alidhani ni yule yule wa zamani. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Martin Genner walichapisha walichokiona kwenye vinasaba: wengi wa konokono hao hawakuwa wa Afrika kabisa. Ukoo wao ni wa Asia. Mgeni alikuwa amekaa ndani ya nyumba amevaa nguo za mwenyeji.

Sisi tunaoshona tunalielewa hili. Kitambaa hakitambuliwi kwa rangi ya juu peke yake. Unakigeuza, unatazama uzi na ufumaji wa upande wa ndani. Vinasaba ndio upande wa ndani wa konokono.

Aliwezaje kuenea hivyo? Konokono hawa karibu wote ni majike, na jike huzaa bila dume. Hubeba watoto mwilini, ndani ya kifuko, mpaka wawe na makombe yao madogo. Mmoja tu aliyejificha kwenye mizizi ya mmea wa tangi la samaki anatosha kuanzisha ukoo mzima. Ndivyo aina hii ilivyosambaa nchi nyingi duniani.

Mtu angesema, basi huyu mgeni ndiye aliyeleta balaa. Hapana. Balaa la ziwa ni kichocho, na kichocho cha mkojo hakibebwi na yeye. Zamani iliaminika kwamba ufukwe wa mchanga, wenye mawimbi, ni salama, na kichocho ni cha madimbwi na matete. Lakini kuanzia miaka ya 1980 watu walianza kuugua hata kwenye fukwe za wazi upande wa Malawi. Mwaka 2001 ilithibitishwa kwamba mbebaji mmojawapo ni yule yule Bulinus nyassanus, mwenyeji aliyeandikwa tangu 1877. Watafiti waliona pia kwamba samaki wanaotafuna konokono walikuwa wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi na nyavu za kukokota. Mlaji akipungua, mliwaji huongezeka. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Visiwani kwenu kutambua kumesaidia vile vile. Unguja kuna Bulinus wawili wanaofanana mno. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha kwamba globosus wa kaskazini na katikati hubeba kichocho, lakini nasutus wa kusini mwa kisiwa habebi. Macho peke yake yangewahukumu wote sawa.

Na hapa ndipo tunapokuja kwako, bi harusi. Mayai ya kichocho cha mkojo hayakai kwenye kibofu tu. Huingia hata kwenye njia ya uzazi, yakaleta vidonda, uchafu, maumivu, damu baada ya tendo la ndoa, na wakati mwingine ugumba. Dalili hizi hufanana na za magonjwa ya zinaa. Binti aliyechota maji ziwani au mtoni tangu utotoni, akaolewa akiwa msafi wa mwenendo, anaweza kutazamwa vibaya na mume na mawifi. Ndoa inaingia doa kwa sababu ya mnyama mdogo kuliko kifungo cha shati.

Kwa hiyo, dada, damu kwenye mkojo si ya kufichwa, wala si alama ya kukua. Mwambie mhudumu wa afya waziwazi kwamba umekulia karibu na maji baridi, kwa sababu asipoambiwa hatafikiria kichocho. Tiba ipo, ni vidonge vya praziquantel, na ukitibiwa mapema vidonda havipati nafasi ya kukomaa.

Mkiokota kombe pwani ya ziwa, lisimamisheni ncha juu, mdomo ukiwatazama. Mdomo wa Melanoides uko kulia, na akiwa hai ana kifuniko. Wa Bulinus uko kushoto, na kifuniko hana. Ila msiingie majini kuwatafuta, na mama mkwe asimhukumu mkwewe kabla ya kipimo.